Mwaka Zaina Aliponawiri

Juzi nimerudi Korogwe kutoka Kwedizinga, nilikokwenda kwenye arobaini ya shangazi yangu, Mwanahawa. Baada ya dua tuliketi jamvini akina mama kulizunguka sinia la pilau, na bibi mmoja aliyekaa mbele yangu, ambaye jina lake lilinitoka, akamwambia jirani yake huku akichagua nyama: "Marehemu ndiye mama yake Zaina. Tangu tuhamie kijiji hiki hajatolewa mwali aliyenawiri kama Zaina." Wenzake wakaitikia. Mmoja akaongeza kwamba mtoto yule alijaa uso mpaka macho yakawa madogo, mashavu yakang'aa, miguu ikawa mizito, basi ikawa raha tupu kumtazama. Mimi niliacha kula. Nimefundisha shule ya msingi karibu maisha yangu yote ya kazi, na nina ugonjwa wa kusahihisha watu hata wasioniomba, lakini siku ile sikusahihisha kitu. Ningewaambia nini? Kwamba walichokuwa wakikisifu ni maji? Kwamba binamu yangu alikuwa anazama akiwa amekaa kitandani, mahali pakavu, katika mwaka wa ukame, na sisi tunampigia vigelegele? Nilinawa mikono, nikatoka uani. Maneno yale yalinifuata hadi hapa Korogwe, ndiyo maana naandika.

Ulikuwa mwaka wa Operesheni, mwaka wa kuhamia vijijini. Malori yalikusanya watu waliokuwa wametawanyika mashambani mwao, yakawashusha kando ya barabara, wakapimiwa viwanja kwa kamba na kuambiwa wajenge. Wenzangu wa rika langu wanaukumbuka mwaka ule kwa hotuba. Mimi naukumbuka kwa chumba. Zaina na mimi tulikuwa tumemaliza darasa la saba na wote wawili tumeshavunja ungo, hivyo Shangazi alipomaliza kukandika nyumba yake mpya, akatuweka ndani. Udongo wa ukuta ulikuwa haujakauka sawasawa. Kulikuwa na mche wa mbaazi uliochipua humo humo ukutani, mweupe kwa kukosa jua, na Zaina alikataa using'olewe. Dirisha lilikuwa tundu la kupitisha mkono, limezibwa kwa gunia. Palikuwa na kitanda kimoja cha kamba, mkeka, mtungi wa maji, na pazia la kanga mlangoni. Sheria za mwali zilikuwa chache na ngumu: asionwe na mwanamume, asitoke nje, asifanye kazi, aseme kwa kunong'ona, na ale. Huko nje watu walikuwa wanakula ugali wa unga wa njano wa msaada, wenye harufu ya ghala. Sisi kungwi wetu, Bi Salima, alituletea wali kwa ng'onda, yule samaki wa chumvi wa kutoka Tanga, na uji wa mchele uliotiwa samli ya Wamasai. Shangazi alivisaka vitu hivyo kijiji hadi kijiji, yeye mwenyewe akila mlenda.

Nilimwelewa Shangazi baadaye sana. Huko tulikotoka alikuwa ameacha minazi yake, kaburi la mumewe na majirani waliomjua tangu alipoolewa. Hapa alishushwa katikati ya watu asiowajua, na kitu pekee alichokuwa nacho cha kuwaonyesha kwamba naye ni mtu wa watu ni mtoto wake. Ngoma ya kututoa ndiyo ingekuwa ya kwanza katika kijiji kile kipya. Kila Ijumaa wanawake walikuja kututazama. Bi Salima alitusimamisha, akapandisha kanga zetu hadi magotini, nao wakatukagua miguu. Mimi nilikula kila kilicholetwa nikabaki na miguu ya kuku. Zaina alikula matonge mawili akasukuma sahani, na Ijumaa iliyofuata alikuwa amenenepa zaidi. "Huyu hata akinusa chakula kinamkaa," alisema mmoja, na wote wakacheka. Shangazi alisimama nyuma yao akijifanya kushughulika na mtungi, lakini nilimwona alivyokuwa anameza kila neno.

Wageni wakishaondoka ndipo Zaina alipokuwa akipumua. Yaani mbele yao alijibana. Wakitoka tu, anashika ukingo wa kitanda na kuvuta hewa kwa mabega. Hakuweza kulala chali. Akijaribu, alishtuka na kukaa akisema kuna mtu amemkalia kifuani. Basi tukabuni namna yetu: tuliketi katikati ya kitanda mgongo kwa mgongo, yeye ananiegemea mimi, mimi namwegemea yeye, akapata usingizi akiwa amekaa. Niliusikia moyo wake kupitia mgongoni, unakwenda mbio kisha unajikwaa. "Weka mkono hapa," aliniambia siku moja, akauchukua mkono wangu na kuuweka chini ya titi lake la kushoto. "Kuna mtu anatwanga humu, na hajui kutwanga." Tulicheka, maana kila kitu kilituchekesha. Tulikuwa hata na mchezo wetu. Ukibonyeza kidole gumba kwenye muundi wa mguu wake, kinabaki kishimo. Tulivichimba kwa safu kama bao, tukahesabu nani atashinda kabla havijajaa tena, na vilichelewa kujaa. Mguu wangu haukufaa kwa mchezo ule, ngozi ilirudi papo hapo, nami niliona wivu. Nilimwambia Bi Salima kwamba Zaina hapumui vizuri. Alinitazama juu hadi chini. "Mwali hana maradhi," akasema. "Mwali ana joto la ndani. Wewe kula."

Alipoanza kukohoa makohozi yenye rangi ya damu, Shangazi hakungoja ruhusa ya mtu. Alimwita balozi wa nyumba kumi, naye balozi akamwita tabibu, kijana wa Kishambaa aliyeshuka kwetu kila Jumatano kwa baiskeli, kwa kuwa zahanati ya kijiji ilikuwa bado ni msingi tu. Bahati ilikuwa Jumatano. Tulimsikia akiegemeza baiskeli ukutani, kisha nikaona viatu vyake vya raba, vyeupe kwa vumbi, chini ya pazia.

"Ishia hapo hapo, daktari," alisema Bi Salima. "Humu mna mwali."

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa anakohoa damu."

"Marahaba. Pitisha dawa, sisi tutampa."

"Siwezi kutoa dawa bila kumsikiliza kifua."

"Kifua cha mwali? Kwenu mlilelewa na nani, wewe?"

Viatu vilitulia. Kisha akasema kwa upole, "Basi, mama, tusaidiane. Masikio yawe yangu, mkono uwe wako." Akapitisha chini ya pazia ule mpira wa kusikilizia, yeye amevaa ncha za masikioni huko nje, na kile kibati cha mwisho kikaingia kwetu kikijiburuza sakafuni. Bi Salima alikiokota kwa ncha za vidole. Mpaka leo nikifumba macho namwona amepiga magoti mbele ya Zaina, akikisogeza kama alivyoamrishwa na sauti ya nyuma ya kanga: chini kidogo, kushoto, hapo, mwambie asivute pumzi. Zaina alinitazama akabinua midomo kunichekesha.

"Aliwahi kuugua homa ya viungo?" tabibu aliuliza.

"Alikuwa darasa la tatu," alijibu Shangazi. "Koo lilimuuma, kisha magoti yakavimba, kisha viwiko. Yakapona yenyewe."

"Yalipona magoti, mama. Moyo ulibaki nayo. Huyu aende Korogwe leo hii."

Lori la Operesheni lilikuwa limeshusha mabati ya ghala la kijiji na linarudi tupu. Walimfunika Zaina kanga kuanzia utosini, wakampakia nyuma pamoja na Shangazi na Bi Salima, nami nikabaki chumbani na mche wa mbaazi. Sikuwa na mgongo wa kuegemea. Nililia sana, na kwa kuwa mwali hasemi kwa sauti nililia ndani ya kanga. Niliwasikia wanawake barazani wakiuliza kama mwali aliyetolewa nje kabla ya siku yake bado ni mwali.

Alirudi baada ya majuma kadhaa, na sikumtambua. Ule uso wa mviringo haukuwapo. Alikuwa na mifupa ya shingo, alikuwa na vifundo vya miguu, alikuwa yule Zaina wa shuleni. "Nililala chali, Hadija!" aliniambia kabla hata hajaketi. "Chali, kama mtu!" Alinionyesha papo hapo, akajilaza mkekani na kunyoosha mikono, akatazama paa kwa kiburi. Alikuwa na dawa za aina mbili: vidonge vyeupe vya kutoa maji, na vingine vidogo mno vya kuutuliza moyo. Tena kila mwezi tabibu angemchoma sindano ili homa ile isirudi. Alinisimulia maneno ya daktari wa hospitali, mzee mwenye mvi. Moyo una milango, alimwambia, na mlango wake mmoja umekunjamana kwa ile homa, haufunguki sawasawa, ndiyo maana damu inarudi nyuma na mapafu yanajaa maji. Zaina akamwuliza kama mlango huo hautengenezeki. Daktari akamjibu kwamba katika nchi za wenzetu wanapasua kifua, wanaingiza kidole moyoni, wanaufungua. "Kwa kidole?" alimwuliza. "Kwa kidole," akasema yule mzee, "lakini hapa kwetu bado." Aliahidi kuulizia Dar es Salaam, akamwambia asiache vidonge. Zaina aliinua kidole chake cha shahada, akakigeuza huku na huku kwenye mwanga wa tundu la dirisha. Alisema hakikuwa kinene kiasi hicho, kingepita.

Ijumaa wanawake walikuja. Bi Salima hakuipandisha kanga ya Zaina, lakini hawakuhitaji kuona miguu. Walikaa kidogo, wakaaga mapema, na kupitia ukuta ule mbichi nilisikia kila neno. "Wamemkausha." "Wamepeleka mwali, wamerudishiwa ukuni." Jioni ile, Shangazi na Bi Salima walizungumza jikoni. Shangazi alikuwa analia. Bi Salima hakuwa mwanamke mbaya, nataka hilo lieleweke. Alimpenda Zaina kuliko alivyonipenda mimi, na alichosema kilikuwa na akili zake. "Nimemwona kwa macho yangu kule hospitali. Akinywa kile cheupe, kutwa yuko chooni. Mwili wote unamtoka kwa maji. Mtu akimwagika hivyo atabaki na nini?" Shangazi akasema, "Lakini sasa analala, Bi Salima." Naye akajibu, "Atalala baada ya ngoma. Mwachie kile kidogo, na sindano, hiki cheupe akiache mpaka tumtoe. Ukimtoa hivi alivyo, hawa watu wataimba nini?" Sufuria ikafunikwa. Kesho yake Shangazi alileta kidonge kidogo peke yake.

Nilisema. Nilimwambia Shangazi kwamba bila kile cheupe Zaina atarudi kuketi. Alinishika mashavu kwa mikono yenye unga, akaniuliza, "Kwani wewe unadhani mimi simpendi?" Hata Zaina mwenyewe aliniambia ninyamaze. Ni wiki chache tu, na yeye pia alitaka kuimbiwa. Baada ya siku si nyingi tulirudi mgongo kwa mgongo. Vile vishimo vya muundini vikarudi, safari hii virefu, vikapanda hadi juu ya goti. Jumatano tabibu alikuja na sindano yake, ambayo Bi Salima alikubali achome mradi Zaina atoe nje ya pazia kipande cha paja tu, na kanga imefunika kwingine kote. Kile kipande walikiona ni kinono, wakamwonyesha kwa fahari. "Vidonge vyote viwili anakunywa?" aliuliza. "Anakunywa," alijibu Bi Salima. Hapo nilivunja sheria. Nilisema kwa sauti yangu kamili, "Hapewi! Cheupe hapewi!" Viatu vya raba vilisogea. "Nani huyo anayesema?" Bi Salima akacheka kidogo, kicheko cha kumwonea mtu huruma. "Ni mwenzake, daktari. Yeye mwili umekataa, sasa anamwonea mwenzake wivu." Kijana yule alisimama pale muda mrefu. Alikuwa mgeni kijijini, hana mvi hata moja, na pazia hakuweza kulipandisha. "Mama zangu, nawaomba," alisema, "nawaomba sana." Kisha nikasikia baiskeli ikiondoka.

Siku ya ngoma ilikuwa ya kwanza kwa kijiji kile kucheka. Tulipakwa mafuta, tukafungwa shanga, tukavikwa kanga mpya. Mwali hatembei siku ya kutolewa. Hubebwa begani, hivyo hakuna aliyepata kujua kwamba Zaina hawezi kutembea. Alipopita mlangoni juu ya bega la mwanamke mmoja shupavu, kelele zilizopigwa sijapata kuzisikia tena. Ngozi yake iling'aa kwa kuvutika. Shangazi alicheza mbele yake kinyumenyume, mikono juu, akiangua kilio na kicheko kwa pamoja, na watu waliokuwa wageni kwake jana walikuwa wanamfuta jasho. Mimi nilikuwa nyuma, juu ya bega jingine, nami kutoka kule juu nilimwona tabibu. Haikuwa Jumatano lakini alikuja. Ndiyo mara ya kwanza alipouona uso wa mgonjwa wake. Alijipenyeza hadi kwa Shangazi, akamwambia kitu sikioni, na Shangazi akamwitikia kwa kichwa huku akiendelea kucheza, kwa sababu hakusikia. Alipomkuta tena ngoma imetulia, wakakubaliana Zaina arudi Korogwe. Lakini malori ya Operesheni yalikuwa yameshahamia kwingine, hata gari la kupita halikupatikana, na tabibu akapanda baiskeli yake kwenda kulitafuta. Siku ya pili asubuhi tulikuwa tumekaa kama kawaida yetu, mgongo kwa mgongo, nikinywa uji. Nilikuwa nausikia moyo wake unakimbia, unajikwaa, unakimbia. Kisha akawa mzito. Nilibaki nimemtegemeza vile vile, sigeuki, nikiogopa kwamba nikigeuka ataanguka, mpaka Shangazi alipoingia kuchukua bakuli.

Wakasema ni kijicho. Mwali aliyesifiwa vile, mbele ya watu wa kila pembe, angeponaje macho yao? Shangazi alilipokea neno hilo akaishi nalo, nami sikumnyang'anya. Nilisoma ualimu, nikafundisha, nikazeeka, na somo la moyo na milango yake nililifundisha kila mwaka nikiwa nimewapa watoto mgongo, nachora ubaoni.

Mwaka jana mjukuu wangu Rehema aliugua moyo. Ni ugonjwa ule ule, mlango ule ule. Daktari alipoeleza nilimalizia sentensi zake. Tulimpeleka Dar es Salaam. Hawakumpasua kifua wala hawakuingiza kidole. Walitoboa mshipa wa paja tundu dogo, wakapitisha waya hadi moyoni, na kwenye waya mna puto, wakalijaza, mlango ukafunguka. Nilionyeshwa kwenye kioo cha mashine: moyo wenyewe unapiga, na kivuli kinavimba na kunywea. Asubuhi yake Rehema alikuwa anataka chipsi. Nilikwenda kukaa chooni nikalia kwa hasira. Watu walinipa pole wakidhani ni furaha, nayo ilikuwapo, lakini mimi nilikuwa nauliza kitundu kidogo vile kilikuwa wapi mwaka ule.

Shangazi alisisitiza aje Korogwe kumwona mtoto. Alikuwa amekwisha kuwa mdogo, mfupi, haoni vizuri. Aliketi kitandani kwa Rehema, akamsikiliza anavyosimulia waya na puto, akasema subhanallah mara nyingi. Kisha Rehema akachukua dawa zake za mchana, na Shangazi akauliza za nini. "Hiki ni cha kutuliza mapigo, bibi. Na hiki cheupe ni cha kunikausha maji. Bado nanywa kwa muda."

"Cha kukukausha."

"Ndiyo, bibi. Nilikuwa nimevimba mwili mzima. Nikikosa hiki maji yanapanda mpaka kwenye mapafu."

Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Shangazi hakunitazama. Aliuvuta mguu wa Rehema, akauweka mapajani mwake, akaupapasa muundi mpaka akapata mahali pake, akabonyeza kwa kidole gumba. Akangoja. Akakiondoa kidole, akapitisha kiganja juu ya ngozi.

"Inarudi," alisema.

Akasema tena, polepole, "Ya mwanangu ilikuwa hairudi. Nilikuwa nampaka mafuta, naviona vidole vyangu vimebaki." Rehema alinitazama aelewe. Sikuweza kumsaidia, wala kumsaidia Shangazi, wala kulirudisha lile neno kijicho mahali lilipokuwa limemkinga miaka yote ile.

Alikaa kwangu wiki nzima na hakulizungumza tena. Ila kila siku, saa ya dawa ikifika, alikuwa ananitangulia. Alipapasa ukuta hadi jikoni, akamimina maji mwenyewe kwenye kikombe, akaja kusimama mbele ya Rehema akiwa ameshika kile kidonge cheupe kiganjani.

"Kunywa, mwanangu," alimwambia. "Meza nikuone."